Jiwe la Mtoni

Kumbe ule ukavu wa magoti yako, mdogo wangu Sekela, haukuwa uchafu. Leo hapa Tunduma mume wangu mpenzi, dresa anayefunga vidonda zahanati, ambaye nikimtazama nasahau hata chungu jikoni kinaungua, alimpokea mtoto mwenye magoti makavu yenye vipele kama yako.

"Namsugua kwa jiwe kila siku, baba," mama yake akasema.

"Liache jiwe, mama. Ngozi mpya huota kutoka ndani, nayo inataka vitamini A. Mpe mawese na maini."

Nilikumbuka nilivyokusugua kwa jiwe mtoni Ikinga hadi ukatoka damu, nikikuita mchafu mbele ya wenzako. Nisamehe. Kabla mwezi haujaisha nitakuja na chupa ya mawese. Jiwe lile niachie, nilitupe mwenyewe.

Dada yako akupendaye, Tusa