Basani moja ya farasi watatu

Kalemie, siku ya ine, mwezi wa kumi na mbili, 1962

Leo mvua iliamka mbele yangu. Ziwa halionekani, nguo za jana zingali na maji kwenye kamba, na mikono yangu imejaa vijiti vya miti tuliyobeba tangu asubui. Roho yangu iko nzito. Mama Venanti, muke wa karani wa gari ya moshi, amekuja na kaye yake ya kuandikia, amekaa karibu na moto, ananiuliza tuandike nini. Nimemuambia andika paka vile ninasema, vile tu, usitengeneze. Miye sikusoma. Kwetu Kirungu wasichana wa wakati wangu tulijua jembe na kinu, basi.

Andika kama niliumiza nyama, farasi, nikifikiri ninamufanyia mema.

Mbele kuko maneno ya muzungu. Wakati wa uhuru muzungu wa hii lupango, nyumba na viwanja vyote, alienda kwao, akaachia bwana yangu Papa Alfonsi funguo na farasi sita. Alisema kiisha miezi mbili atarudi. Koti yake ingali mu kabati, panya wamekula mikono. Na huku Kalemie kuko mbung'o, si kama Kirungu kwenye baridi. Papa Alfonsi alikuwa anachoma mavi makavu kila siku, moshi ufukuze mbung'o, lakini farasi watatu walikonda wakakufa. Wakabaki watatu. Mazoro, dume mweusi, mukubwa, walimuhasi zamani lakini kiburi hawakukata. Reni, jike mwekundu. Na Balanseti, jike mweupe, muzee, meno yamekwisha sawa yangu. Majina waliyapata kwa wazungu, miye sikumupa hata mumoja jina.

Mwezi wa tano Papa Alfonsi naye alikufa.

Bwana yangu alikuwa anaweka kila farasi mu kiwanja chake, na fito katikati. Tuligombana juu ya ile fito miaka mingi. Nilikuwa ninamuambia, hiyo ni tabia umetoa kwa wazungu, bwana na madamu wanalala kila mutu na chumba, wanakutana kwenye kahawa. Madamu yule alikuwa anavaa glovu nyeupe hata kwa kushika ua. Papa Alfonsi anacheka, ananiambia: Mama, wewe pika, farasi uniachie.

Ningemuachia.

Kiisha matanga watu walirudi kwao, lupango ikawa kimya. Kila asubui ninaona Mazoro ameweka kichwa juu ya fito, anaangalia njia kwenye bwana yangu alikuwa anapitia. Nikasikia huruma. Nikasema, sisi wote wane tumefiwa, juu ya nini kila mutu akae kwake? Nikatoa fito moja moja, nikazifanya kuni. Wakakaa pamoja. Kusema kweli, mwanzoni ilikuwa vizuri. Majani yalikuwa mengi, walikuwa wanakunana mugongo na meno. Nikajisifu kwa Mama Venanti, ndiye huyu anaandika, anajua. Nikasema, unaona? Miaka yote ile, bwana yangu alikosa.

Kiisha nikafanya ile ya basani.

Zamani kila farasi alikuwa na basani yake ya pumba. Kwetu, watu wa nyumba moja wanakula mu sahani moja. Mutu akikamata sahani yake na kukaa pembeni, tunauliza amekasirikia nani. Basi ile siku nikakamata basani kubwa ya kufulia, nikamwaga pumba ya wote, nikaiweka katikati ya kiwanja, nikawaita. Nikasimama pale ninacheka kama mama aliyeita watoto wake kwenye ugali. Mazoro akalaza masikio. Sikujua ile ni nini. Akageuka, akampa Reni mugongo, akarusha miguu yote mbili ya nyuma.

Ilikuwa na viatu vya chuma. Papa Alfonsi hakuwa anaacha chuma nyuma kwa farasi wenye kukaa bila kazi, lakini mwaka huu aligonjwa mbele ya kuvitoa, na miye sikufikiri kuangalia chini ya muguu wa farasi. Nilisikia sauti kama muchi unapiga kinu bila kitu ndani. Reni akabaki na miguu mitatu.

Nikaita Papa Sixte. Anakaa chini ya kilima, alitibu ng'ombe za serikali miaka mingi, sasa anatibu zetu bila serikali. Alifika, akaona basani, akaniangalia. "Mama Alfonsi, ulifanya harusi, na wageni wamepigana?" Akapapasa muguu, akasema mufupa haukuvunjika, pengine umepasuka kidogo, nioshe na maji ya chumvi, asitembee. Kiisha akafunga saki yake ya dawa na akaacha kutania. "Akiumia tena hapo, Mama, sitaleta dawa. Nitaenda kambi kuita mwenye bunduki."

Basi nikamufunga Reni peke yake, nyuma ya jikoni, mbali, ndani ya senyenge yenye miba ya ile bustani ya madamu. Nikasema sasa hakuna mutu wa kumupiga. Siku mbili alilia. Pumba hakugusa. Alikuwa anatembea kando ya senyenge, kwenda, kurudi, kwenda, kurudi, na ule muguu umevimba kama kibuyu. Jana asubui nikamukuta kifua kimepasuka, alijaribu kupita.

Kidonda kimoja alikipata kwa wenzake, kingine kwa kukosa wenzake. Vyote viwili kwa mukono wangu.

Papa Sixte aliporudi jana nikamuambia, Papa, niwaache pamoja wanapigana, niwatenge anajipasua, wewe ungefanya nini? Alikuwa anaosha kifua cha Reni, hakugeuka. "Bwana yako hakuwatenga, Mama. Kila mutu alikuwa na kwake, lakini pua zilikuwa zinafikiana."

Miaka yote niliona fito. Pua sikuziona.

Alisema Reni akae na Balanseti, yule muzee hana nguvu ya kupiga mutu. Mazoro akae kando, katikati fito za mbao, hapana miba. Viatu vya nyuma vya Mazoro akavitoa palepale. Lakini fito zenyewe nilizipikia. Kulibaki paka miti iliyo nyuma ya nyumba, basi. Papa Alfonsi aliikata mwaka jana ya kupanulia baraza, watoto wetu wa Elisabethville wakikuja na wajukuu tupate pa kukaa wote na kula. Tangu vita gari ya moshi haipiti vizuri, barua haifiki. Niliifunika na bati isilowe. Nilikuwa ninaenda kuiangalia.

Leo asubui nimeifunua. Papa Sixte amechimba, miye na Mama Venanti tumebeba, mvua mugongoni. Hawakuniuliza miti ilikuwa ya nini.

Sasa Reni amesimama na Balanseti, ameweka kidevu juu ya mugongo wake. Amekula kidogo, mu basani yake. Muguu ungali moto, nimeushika mbele ya kuingia. Papa Sixte anasema tungoje siku ine tano, atajua kama ataukanyaga. Mazoro ameleta pua juu ya fito. Reni hajamupa yake.

Mama Venanti anataka kufunga kaye, bwana yake anatoka kazini. Ngoja, andika hii ya mwisho. Kila siku tangu mwezi wa tano ninatoa ugali wangu mu sahani kubwa, ile ya sisi wote, ninakula kidogo ya pembeni, ugali unabaki mweupe katikati. Leo ninaiosha, ninaiweka juu ya kabati na koti ya muzungu. Kesho nitaangalia kama kuko kasahani kadogo ka mutu mumoja mu nyumba hii. Sikumbuki kama tulikuwa nako.