Stika Ulizomtumia Baba

Nyumbani, karakana ya Baba
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakilea? Wifi yangu anaendeleaje na ujauzito wake? Sisi huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua akitumwa dukani tu. Siku ya kwenda kwa Shangazi kupiga soga, halimwumi hata kidogo.

Kifurushi kilifika salama. Mama amekipenda kitambaa, na sweta langu limenikaa vizuri. Asante sana. Sasa tuje kwenye ile bahasha ya stika, maana yaliyofuata yamenitia kinyaa ambacho hakijanitoka.

Jina la ile kampuni kubwa ya magitaa, kwa maandishi ya dhahabu! Na kikaratasi chako: "Baba, bandika hizi kwenye vichwa vya magitaa yako, uone kama hawatayagombania." Nilicheka. Nilijua Baba ataziwashia jiko. Si ndiye aliyetulea kwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, mpaka tukawa tunaimalizia methali kabla hajafika katikati?

Hakuziwashia jiko. Aliziweka kwenye droo ya patasi.

Unamkumbuka Mapozi, kiongozi wa bendi ya harusi, yule anayevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Kabla kifurushi chako hakijafika, alikuja kujaribu lile gitaa jekundu ambalo Baba alikuwa ametoka kulimaliza. Akaja na lake la kampuni, ili tuyalinganishe. Nitasema haki, sina chuki na magitaa yale. Nililishika, nikaligeuza kila upande. Kazi safi, imenyooka, shingo imefungwa kwa skrubu, ikivunjika unanunua nyingine inaingia palepale. Sauti yake inang'ara na kukata, na kwenye ukumbi wenye kelele inapenya.

La Baba ni kitu kingine. Shingo yake imechongwa ikaingia mwilini, ikashikwa kwa gundi tu. Mbao zimekauka juu ya dari ya jikoni miaka na miaka. Zile sumaku zinazonasa sauti nimezizungushia waya mimi, kwa mkono, mpaka bega likafa ganzi. Ukipiga uzi, sauti haikatiki, inakaa na wewe. Kila gitaa na lake, na mpigaji achague. Mapozi alilipiga la Baba, akavua miwani. Nakuapia, alivua miwani! Kisha akatazama kichwani, akaona alama ya Baba iliyochomwa kwa chuma cha moto, akalirudisha.

"Tamu, mzee wangu. Lakini nikipanda nalo jukwaani, watu wataniuliza nimeliokota wapi."

Chuma cha mkanda wake kilikuwa kimelikwaruza gitaa mgongoni. Hakuomba hata radhi.

Basi stika zako zilipofika, Baba alichukua msasa akaisugua ile alama yake mpaka ikaisha. Mimi nilikuwa mezani kwangu na waya wangu, vumbi lake likanifikia puani. Akabandika stika, akapaka vanishi juu yake. Nilipomkazia macho, akasema anataka kumfanyia Mapozi mzaha tu. Nikatulia. Hata mimi nilitaka kuuona mzaha huo.

Mapozi akaja na wenzake. Akalichukua gitaa lilelile, akapiga wimbo uleule, akaanza kupiga kelele: "Eeh! Hapo sasa! Mnasikia tofauti? Hili ndilo lenyewe!" Wenzake wakamvika kilemba cha ukoka, eti sikio lake halidanganyiki. Mpiga ngoma akaenda kunawa mikono kabla ya kuligusa. Na mkwaruzo wa mkanda wa Mapozi ulikuwa palepale mgongoni! Nikangoja Baba aligeuze amwonyeshe, maana huo ndio ungekuwa mzaha wenyewe.

Baba hakuligeuza. Alitabasamu, akasema, "Nimelipata kwa mtu."

Kwa mtu! Mdogo wangu, nilitoka nje nikatema mate.

Ningeweza kumsamehe kwa siku ile moja. Lakini sasa ubao ulioletwa juzijuzi, mbichi, ukiugusa unahisi unyevu, tayari ameuchonga shingo. Nikamwambia itapinda. Akanijibu, "Ikipinda, watatukana kampuni." Wiki hii alisimama nyuma yangu nikizungusha waya, akaniambia nipunguze mizunguko, nani atajua. Baba huyu! Yule aliyewahi kunifungulisha waya wote nianze upya kwa sababu nilipiga chafya nikapoteza hesabu! Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, tunajua. Huyu wetu amelitia maji bila hata kusifiwa. Kasifiwa mwingine.

Mama anasema niache kelele, magitaa yananunuliwa. Kweli yananunuliwa. Juzi bendi ya Mapozi ilipiga harusi ya jirani, ua mzima ukalisifia lile gitaa jekundu alilolinunua kwetu. Baba alikaa nyuma kabisa, sahani magotini, akiitikia kwa kichwa kama mgeni.

Sikulaumu peke yako. Najua ulitaka kumsaidia. Lakini mkono uliosugua ile alama ulianza na bahasha yako, na lazima ulijue hilo.

Jana alishusha ubao mwekundu, ule aliouweka darini siku ulipoondoka na kutukataza hata kuugusa kwa ufagio. Anakuchongea gitaa lako, ulikute ukija. Alianza asubuhi, akawa anaimba, na ubao ni mkavu, na aliniambia nizungushe waya bila kuibia hata mzunguko mmoja. Nikafurahi, nikadhani ugonjwa umepita.

Jioni akafungua droo ya patasi, akatoa bahasha yako. Hakuwa anatania. Akasema, "Ukimwandikia mdogo wako, muulize la kwake anataka niweke jina gani."

Nami nakuuliza kama nilivyotumwa. Jibu usinipe mimi. Mwandikie Baba mwenyewe, upesi, kabla hajapaka vanishi.

Msalimie sana wifi, mwambie ale vizuri na asikusikilize kwa kila kitu. Mama anakusalimu, Shangazi naye anadai picha. Mungu akulinde huko uliko, amfungue wifi salama, na mtoto wenu akizaliwa aje amkute babu yake akiwa yuleyule tuliyemjua sisi.

Ni mimi nikupendaye, pamoja na hasira zangu zote,
Dada yako mkubwa