Msalaba wa Mama, Nyuma ya Maktaba

Jumatano, 4 Septemba 2024
Chuo kinatimiza miaka kumi. Fulana zimechapwa, kwaya tunafanya mazoezi mpaka koo linauma. Leo fundi wa vipimo kaingia maktaba, ninapofanya kazi, kuchaji simu – akaniambia Jumatatu greda linaanza kazi, hosteli mpya ya wasichana. Wapi? Kule nyuma, penye kichuguu.

Kichuguu! Lile ni kaburi la mama yangu.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimekwenda kwa Padri Remigius, ndiye msimamizi wa ujenzi. Nimemwamkia, nikamkumbusha: shamba hili la mpunga mama aliwapa bure mjenge chuo, akaomba kitu kimoja tu, azikwe humu. Na wewe ndiye uliyemzika, Padri, madarasa yakiwa mawili. Ati hakumbuki vizuri, amezika wengi. Halafu akauliza, kaburi gani lisilo na msalaba?

Nimetoka bila kuaga.

Ijumaa, 6 Septemba
Kinachoniuma – ana pa kushikilia. Msalaba wa mbao uliliwa na mchwa. Na kwetu ule wa saruji anausimamisha kaka wa marehemu, siku ya kumaliza msiba. Mwingine haruhusiwi kugusa. Sasa huyo kaka ni mjomba Kelestini, yuko Malinyi, na kila mwaka ni "nikishavuna". Havuni akamaliza? Nimempigia, hata shikamoo sikutoa. Nikamwambia asipokuja sasa, basi asije hata kwenye maziko yangu. Akasema: nakuja, mwanangu.

Jumapili, 8 Septemba
Misa ya shukrani. Padri Remigius kahubiri tusiwasahau walioanzisha. Kataja wafadhili wa Ulaya, kataja mpaka aliyefunga kengele. Mama hakuna. Nikaacha kuimba katikati ya wimbo. Bernadetha, mwenzangu wa kwaya, kanikanyaga mguu niendelee. Siimbi.

Jumatatu, 9 Septemba
Naandika nimekaa juu ya kaburi. Greda linanguruma hapa mbele, dereva anasema yeye hakanyagi mtu, anasubiri amri.

Mjomba kaja na basi la asubuhi. Msalaba kautia kwenye kiroba – kumbe alishautengeneza zamani, ulikuwa umeegemezwa nyuma ya jiko lake miaka yote! Nikamuuliza kwa nini. Anasema akiusimamisha, dada yake atakuwa amekufa kweli. Ningekuwa na nguvu ningemgombeza. Anakoroga saruji, machozi yanadondokea humo humo.

Padri anakuja, kofia ya ujenzi kichwani. Leo atayasikia yote, upadri wake pembeni.

Amefika. Haniangalii. Kalizunguka kaburi, kaenda kusimama upande wa miguu, karibu na kisiki cha mkorosho – palepale aliposimama siku ile na maji ya baraka. Hakuna aliyemwonyesha miguu iko wapi.

Kwa hiyo anakumbuka. Alikuwa anakumbuka hata Alhamisi, ananitazama usoni.

Mjomba kanyanyua msalaba. Dereva anamtazama Padri. Padri anatazama chini, na greda halijazimwa.