Safu ya Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Malkia wa mama hayupo. Nimepekua fremu moja moja mpaka mgongo umekataa. Yule mwenye doa jekundu — mama alimpaka rangi ya kucha mgongoni, akacheka, akasema sasa kapendeza. Hayupo!

Nyuki hawakunisubiri nimalize kulia. Wameshajenga chumba cha malkia mpya, kimefungwa kwa nta, kimening'inia pembeni ya sega. Ndani yake yumo binti wa yule wa mama. Nimebaki na mzinga huu mmoja na binti huyo. Mama alipofariki tuligawana: safu ya nyuma mimi, safu ya getini kaka, seng'enge katikati. Mizinga tulipatana siku moja. Vikombe vyake vya chai ndivyo vilivyotugombanisha.

Mizinga yangu mingine imekwisha. Nusu iliuawa na utitiri, sibishi. Niliwakuta nyuki wanatembea chini, mabawa yamekunjamana, vijidudu vyekundu vimewaganda. Nusu nyingine iliuawa na kaka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda upande wa pili wa seng'enge. Nilijiapiza kutokwenda, nimekwenda.

Nimemkuta Mheshimiwa amekaa barazani na chai yake. (Kaka. Tangu apewe funguo za stoo ya mama anatembea kama waziri.) Nimemwambia aondoe dawa kwenye mizinga yake. Zile tepe za plastiki anazoning'iniza kati ya masega kuua utitiri, anazisahau humo msimu mzima. Sumu inaingia kwenye nta, majana, watoto wa nyuki, wanalelewa ndani ya sumu, madume wanatoka na mbegu dhaifu. Malkia wangu akiruka kupandwa huko juu anakutana na madume wa nani? Wake! Anarudi, anataga wiki chache, halafu anaanza kutaga madume matupu. Hakuna vibarua, hakuna asali, mzinga kwisha. Hata yeye malkia zake hawadumu, kila mara ananunua wengine. Anadhani sioni.

Akasema utitiri wote unatoka kwangu, mimi ndiye ninayeufuga. Akasema nyuki wake wakija kuiba asali kwenye mizinga yangu iliyokufa wanarudi na mzigo wa wadudu. Hilo nalo kweli, ndiyo maana limeniuma.

Nikamwambia mama hakuwahi kuweka dawa. Hata siku moja! Kila mteja alikuwa anamwambia: nyuki wangu hawajui dawa. Mimi nafuata njia ya mama, wewe unafuata duka la pembejeo.

Hapo akaangalia kikombe. Nikajua nimempata.

Wifi akanisindikiza mpaka kwenye seng'enge. Akaniambia polepole, wifi, habari za mama na dawa usizishikilie sana. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mkaa wake unaungua, akarudi ndani.

Jumamosi, 8 Machi

Katoka! Kifuniko cha nta kimekatwa vizuri kama kwa mkasi. Nimemwona — mrefu, mwembamba, anakimbia hovyo juu ya sega. Hana doa. Nimetafuta ile chupa ya rangi ya kucha, imekauka.

Siku chache tu ataruka.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Vizuri. Inyeshe tu, malkia asiruke.

Mlangoni pa mzinga nimekuta nyuki kadhaa wa mabawa yaliyokunjamana. Kwa hiyo utitiri umeshafika huku pia. Nisipoweka dawa hawatamaliza mwaka. Naijua hesabu hiyo, nimeshafukia mizinga. Siweki. Nikiwa mkweli — na hapa nisipokuwa mkweli basi wapi — siweki kwa sababu ni dawa ya kaka. Angeiita maziwa ningeyakataa maziwa.

Ijumaa, 14 Machi

Jua limerudi. Nimeziba mlango wa mzinga kwa kiwavu: vibarua wanapita, malkia hapiti, kifua chake ni kipana. Naweza kumzuia hivyo siku chache. Akikawia sana anaharibika, hapandwi tena.

Kaka kaenda mjini. Wifi kanifungulia geti, kasema, mimi sijakuona, halafu kanishikia bomba la moshi la kupoza nyuki!

Nilikwenda kuzing'oa tepe zake. Sikutaka kingine.

Mzinga wa kwanza nimekuta mbili, nyeupe, mpya. Hizo zake. Halafu katikati, ndani kabisa, nyingine mbili za zamani. Zimegeuka rangi ya chai, nyuki wamezizungushia gundi yao mpaka zimeshikana na fremu. Zimefungwa kwa uzi. Uzi wa sufu, wa bluu.

Nimeinua fremu niuone vizuri.

Ni uzi wa ile sweta ya bluu ambayo mama alikuwa akiifumua na kuifuma upya kila mwaka. Na fundo lake lile la mara tatu, alilokuwa anafungia mikoba yetu ya shule, tukishindwa kulifungua darasani.

Wifi alikuwa anaangalia pembeni. Anajua. Alikuwa anajua muda wote!

Nimefungua mzinga wa pili. Uzi wa bluu. Wa tatu, uzi wa bluu. Safu nzima. Ule wa mwisho kabla ya seng'enge una tepe moja tu badala ya mbili, na fundo lake halijakazwa.

Sikung'oa kitu. Nimefunika mizinga nikarudi kwangu.

Safu ya nyuma haikuwa na dawa kwa sababu mama hakuifikia. Basi! Njia ya mama ninayoihubiri mwaka mzima — ni mahali alipochokea.

Jumapili, 16 Machi

Kaka kaja mwenyewe. Hakukaa. Kasema wifi amemwambia.

Kasema mama aliuona utitiri mapema kuliko sisi sote. Alinunua dawa kimyakimya, aliona aibu mbele ya wateja wake. Akaweka safu ya getini Jumamosi, akasema mgongo unauma, ya nyuma kesho. Jumapili tukampeleka hospitali. Hakurudi.

Nikamuuliza, sasa kwa nini hukuzitoa? Karatasi ya dawa inasema zitolewe baada ya wiki chache! Zimekaa mwaka, umeongeza zako juu yake, umewapa dozi ya kuulia ng'ombe!

Akasema, "Nilifungua mara ya kwanza nikaona lile fundo. Nikafunika. Za mama nimeshindwa kuzing'oa, mdogo wangu. Nikaona nikiweka mpya zangu, ni kama na zake zinaendelea kufanya kazi."

Nikamuuliza kwa nini aliniacha nitambe pale barazani na nyuki wasiojua dawa.

Akasema, "Vikombe vya mama uliambulia vitatu tu. Na hilo nalo nikunyang'anye?"

Nimemfukuza. Nimempigia kelele mpaka jirani kachungulia. Dawa yake nimeizoea, huruma yake siiwezi. Nina hasira na kaka, nina hasira na wifi, nina hasira na mama, Mungu anisamehe. Ungeniambia, mama! Ningeshika hilo bomba la moshi!

Jumatatu, 17 Machi

Jua kali, hakuna upepo. Siku ya kuruka. Nimekaa kwenye ngazi, daftari gotini, mzinga mbele yangu.

Kaka yuko upande wake tangu asubuhi, kavaa wavu, anafungua mizinga. Hatujasalimiana. Nasikia gundi inavyokatika kila anapong'oa tepe. Amechelewa. Anajua, najua. Madume watakaoruka leo walishalelewa ndani ya nta ile. Mpaka wapatikane madume wengine, huyu wangu atakuwa ameharibika. Nikimwachia leo anakwenda kwa madume hao hao. Nikimzuia anazeeka mlangoni.

Pakiti ya dawa iko hapa kwenye ngazi. Kaiacha yeye jana, sikumwona akiiweka. Haijafunguliwa. Chini ya mzinga kuna nyuki mwingine anatembea, mabawa yamekunjamana, anapanda jiwe, anaanguka, anapanda.

Malkia kaja mlangoni. Namwona nyuma ya kiwavu, anaingiza kichwa kwenye tundu, kifua kinakwama, anajaribu la pili. Nimeshika kiwavu kwa mkono wa kushoto ili niandike; nikikiachia anatoka.

Kaka ananiita kwenye seng'enge. Anauliza huu uzi wa mama auweke wapi