Nililiona Bega Lile Kwenye Kompyuta

Mama Nanzala, pokea salamu zangu, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi kwa sababu hii kitu imeninyima usingizi na sasa naogopa mtu ataumizwa.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, nafanya kazi kwenye studio ndogo hapa Eldoret, tunatengeneza katuni za kufundisha wakulima, na kazi yetu iko hivi: mtu anavalishwa mikanda yenye vifaa vidogo mikononi, miguuni na mgongoni, anatembea, anachimba, anarusha, kompyuta inanasa mwendo wake, halafu mimi ndio nausafisha kabla ya kuvalishwa mkulima wa katuni. Kwenye skrini yangu hakuna sura wala nguo, ni mifupa tu inatembea. Wiki iliyopita bosi wangu Dennis alimleta mwalimu wa michezo, nitamwita Kipyego, wa shule ya (imeondolewa – Mhariri), arekodi mkulima anayefukuza nyani shambani kwa mawe, na mimi sikuwepo siku hiyo, nilipata faili tu. Mama, nilipoifungua, mkono wa kulia ukapanda, bega likakwama, likaruka mara mbili, ndipo mkono ukarusha. Nikaifunga faili hapo hapo.

Mwaka wa 2008, kwenye vita vya baada ya kura, nilikuwa na miaka kumi, tulikuwa tunaishi upande wa Plateau, nje ya mji, na siku walipokuja wachoma nyumba, jirani yetu Mama Jepkemboi alitusukuma mimi, mama na kaka yangu Kiarie ndani ya stoo yake ya mahindi akatufunika na magunia, na mimi nikachungulia katikati ya mbao nikaona mwanaume amejifunga kitambaa usoni akirushia nyumba yetu moto, na bega lake lilikwama likaruka vile vile, mara mbili, na baba alikuwa amerudi ndani kutoa cherehani ya mama, na hakutoka.

Sasa Dennis ananiambia, “Hiyo ni noise tu, makosa ya kifaa, lainisha huo mkono tuendelee, mteja anangoja.” Kuulainisha najua, ni kazi ndogo, lakini nikianza vidole vinakataa, naona ni kama namwosha mtu damu kwa mikono yangu mwenyewe. Nimemdanganya kwamba faili imeharibika, kwa hivyo amemwita mwalimu arekodi upya Jumamosi. Na nilimwambia Kiarie. Jina sikumpa, Mungu ni shahidi, nilimwambia tu ni mwalimu wa michezo mwenye bega bovu na kwamba atarudi studio, na tangu hapo Kiarie anakula akiangalia ukuta, na jana alisema Jumamosi atanisindikiza kazini. Hajawahi kunisindikiza popote. Mama yangu hajui lolote. Je, nilainishe huo mkono ninyamaze, ama nipeleke faili polisi, ama nimwache Kiarie aje ajionee mwenyewe? Majina yote nimebadilisha.

Waceke, mtaa wa West Indies, Eldoret

*

Waceke, pole. Pole kwa baba yako, na pole kwa yule mtoto wa miaka kumi aliyeyaona hayo kwenye ufa wa mbao. Sitakuambia hukuona; naamini uliona. Sasa nisikilize, kwa sababu umenikasirisha.

Eti “jina sikumpa”! Haki ya Mungu, ni walimu wangapi wa michezo wenye bega bovu watakaoingia studio yenu Jumamosi? Umempa Kiarie mtu, siku na mahali. Na anayekula akiangalia ukuta hivyo haji kuangalia tu. Mwakani ni kura, mji wenyewe umeshaanza kunong'ona, na wewe unabeba kiberiti.

Kuhusu huo mkono, mimi kompyuta sijui, kwa hivyo nilimpigia mpwa wangu Brenda anayefanya kazi kama yako Nairobi. Swali lake la kwanza lilikuwa: kifua kilifanya nini? Anasema mkanda ukilegea, mkono huruka peke yake, mwili mwingine umetulia kama hauna habari. Lakini bega la mtu likikwama kweli, kifua hugeuka kulisaidia, kiuno husogea, hata goti hukunja kidogo. Tena kifaa kikikosea, mstari kwenye grafu husimama kama mwiba kwa fremu moja, yaani picha moja tu, na kurudi, na hakuna nyama ya binadamu inayokwenda na kurudi kwa kasi hiyo. Wewe ni fundi, unayajua haya kuliko mimi, na barua nzima hukutaja kifua hata mara moja. Uliona mkono, ukashtuka, ukafunga faili. Sikulaumu kwa kushtuka. Nakulaumu kwa kumwambia Kiarie kabla ya kuangalia.

Basi ifungue leo. Kama ni mwiba, ulainishe, na ukitaka kulia, lia. Kama ni mwili, bado hujampata mtu. Mabega huvunjika kwa mpira, kwa bodaboda, kwa rungu la polisi, na mwaka ule wengine walivunjwa wakizuia mlango wa jirani. Weka nakala ya faili bila kuigusa. Kisha mwambie mama yako. Aliyekufa ni mumewe, wewe unamficha kwa ruhusa ya nani? Nendeni pamoja mkamwone Mama Jepkemboi, kama yu hai, maana nyinyi mlikuwa ndani ya stoo na yeye alikuwa nje. Akiwa na la kusema, mtafute wakili au watu wa haki za binadamu, si vijana wenye hasira.

Dennis naye aambiwe leo kwamba Jumamosi hakuna kurekodi, na kwa nini. Mwalimu yule ana haki ya kubaki kwake salama, awe nani awe.

Lakini kwanza kabisa, Kiarie. Usimtumie ujumbe, usingoje arudi nyumbani jioni, mpigie. Mwambie neno ambalo hukumwambia siku ile, na ndilo ukweli wako wote mpaka sasa: sijui. Atakuita mwoga, atakuuliza kama umemsahau baba. Mwambie tena, sijui, mpaka alisikie. Weka gazeti chini, mpigie.