Pete Nne za Gari la Nop

Kijiji cha Ban Nong Kwang,
Wilaya ya Phichai,
Uttaradit.
12 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Samli,

Habari za huko Norwe? U mzima wewe? Shemeji hajambo? Na yale magoti yako yanayolalamika baridi ikizidi, yamepata nafuu? Sisi huku tunapumua. Joto ni kali mpaka mbwa wamehamia kulala ubavuni mwa mitungi ya maji, na mvua bado inatuzungusha. Wifi yako anakula kidogo, lakini anakula.

Najua bado inakuuma kwamba hukuwahi mazishi ya mwanetu Nop. Usijilaumu, Samli. Wewe ndiye uliyekaa naye miaka ile nilipokuwa nikiendesha malori, na hata alipoota masharubu, akigombana na mama yake alikuwa anatishia kuhamia Norwe kwa shangazi. Hakuna aliyesahau hayo.

Kuna jambo limenikaa kooni na kwa simu siwezi kulisema, maana ukipiga, mama Nop anakaa papo hapo pembeni yangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mtu mvivu wa kuandika kama mimi.

Unalikumbuka lile pikapu lake jeupe. Mwaka Mpya alipokuja likizo kutoka kiwandani Rayong, alikuja na rimu mpya, nyeusi, pana, zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta ya nazi. Nikamuuliza, "Wee Nop, rimu za zamani zilikukosea nini?" Akacheka. "Baba nawe! Gari bila rimu kali ni bwana harusi mwenye ndala." Akazifunga mwenyewe hapa chini, kati ya nguzo za nyumba, huku akiimba vibaya, akalizungusha gari mara moja hadi mjini, kisha akarudi kazini kwa basi na gari akaniachia mimi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona amesimama.

Homa ya dengi ilipomchukua tulimfuata na gari hilo hilo. Wakati wa kwenda sikugundua kitu. Mikono yangu yenyewe ilikuwa ikitetemeka. Wakati wa kurudi jeneza lilikuwa nyuma, na mama yake akawa anamwita njia nzima kama inavyopasa, roho isije ikapotea ugenini. "Nop, mwanangu, tunavuka daraja. Nop, tunakata kushoto sasa, usibaki nyuma." Tulipoingia barabara kuu na mwendo ukapita tisini, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Mama Nop akaona. Akaweka kiganja chake juu ya usukani.

"Amefika," akasema. "Ameshika na yeye."

Ningembishia vipi, Samli? Nililia mpaka nikashindwa kuona barabara.

Tangu hapo, kila siku takatifu ya mwezi lazima nimpeleke lile hekalu la ng'ambo ya mto, alikopata utawa wa muda Nop alipokuwa kijana. Anapika wali wa kunata na pilipili ya kutwanga aliyoipenda, anaupakata ule wali njia nzima. Tukishika barabara kuu ananiambia, "Tia tisini, baba Nop." Usukani ukianza kutetemeka anaweka kiganja chake pale, na uso wake unalegea. Huo ndio uso pekee wa amani niliokuwa nauona nyumbani kwangu.

Lakini mimi nimezeekea kwenye malori. Usukani ukitetemeka, kwangu mimi ni chuma kinachoomba msaada. Siku moja asubuhi nilikagua gurudumu la mbele kushoto, nikakuta nati moja inazunguka kwa vidole vitupu. Tulikuwa tumeshamchoma mmoja hekaluni. Je, nisubiri niende na mama yake?

Majirani walikuwa na jibu lao: roho haijatulia. Tukalipeleka gari kwa Luang Pho, mtawa mkuu wa hekalu letu. Akasoma sala, akanyunyiza maji, akafunga uzi mweupe kwenye usukani. Mama Nop alipokwenda kuvaa viatu, mzee akaniinamia sikioni. "Maji nimenyunyiza, baba Nop. Nati kaze mwenyewe."

Nilizikaza zote, na mtetemo ukabaki pale pale. Nikaenda kwa Sawek, yule fundi wa tairi wa sokoni. Akapima balansi, mashine ikasema safi. Nikamrudisha apime tena. "Mjomba, mashine hainywi pombe!" akaniambia. "Safi ni safi." Tukaangalia vyuma vya usukani, vizima. Tukahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, bado linatetemeka. Mwisho nikafunga rimu za zamani. Gari likaenda laini hadi mia na kumi.

Basi rimu. Lakini hazikupinda, na balansi yake ni nzuri. Nilikaa chini nikilitazama gurudumu lililovuliwa, nikalirudisha polepole kwenye kitovu chake, na hapo ndipo nikaona. Tundu la katikati la rimu lilikuwa kubwa kuliko kitovu cha gari letu, ukucha ulipita. Rimu za madukani hutobolewa hivyo makusudi zienee magari mengi, halafu hilo pengo huzibwa kwa pete. Bila pete gurudumu linaning'inia kwenye nati tu, linakaa upande kwa kiasi cha unywele, na mwendo ukizidi huo unywele unakuwa nyundo. Kwenye mashine ya Sawek rimu ilishikwa katikati barabara, ndiyo maana ikasomeka safi.

Nilifurahi kwa dakika moja, nikijiona fundi. Halafu nikakumbuka kile kiganja.

Nikakaa na siri hiyo, namzungusha mama Nop kwa uongo, mara gari halina mafuta, mara mgongo unaniuma. Mpaka juzi akanikuta chini ya nyumba nimeshika rimu. Nikasema liwalo na liwe. Nikamwambia kwamba si Nop, ni pengo, na kwamba linaweza kutuua. Nilitegemea kilio. Hakulia. Alipanda ngazi, akarudi na kopo la biskuti lililokuwa nyuma ya picha ya mwanetu, akanifungulia. Ndani mlikuwa na pete nne za plastiki, mpya, bado zimo kwenye mfuko wake.

"Aliniambia kwa simu," akasema. "Mama, usukani unatetemeka, baba asikimbize gari. Nimeagiza pete, zitakuja kwa posta. Msimpe fundi yeyote, nitakuja kuzifunga mwenyewe Aprili, sikukuu ya Songkran."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Siku ile barabarani nilisahau kila kitu, nikaamini ni yeye. Kifurushi kilipofika baada ya kumchoma ndipo nikakumbuka."

"Sasa mama Nop, mbona ukaniacha niendeshe hivyo?"

Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Alisema atakuja kuzifunga. Gari likitengenea, atarudi nyumbani kufanya nini?"

Mdogo wangu, nimebeba magogo, nimebeba jeneza la mwanangu. Sijawahi kubeba kitu kizito kama maneno yale.

Nilipomwonyesha ile nati na kumweleza, alikubali. Tukafunga pamoja, yeye akinipa pete moja moja. Zilikaa sawasawa, mtoto alipima vizuri. Ilipobaki ya mwisho akaishikilia. "Lazima zote nne?" Nikamwambia lazima. Akaifuta kwa pindo la sarong yake, na ilikuwa safi, akanipa.

Jana tulikwenda hekaluni. Nilitia tisini, nikatia mia. Aliweka kiganja chake pale pale, na usukani ulikuwa umetulia kabisa. Tulipofika darajani hakumwita. Nilingoja, nikaona kimya kinaniua, nikasema mimi: "Nop, mwanangu, tunavuka daraja." Sauti ikakatika. Ndipo mama yake akamalizia. "Usitufuate tena, mwanangu. Ile kazi imekwisha."

Siku ya mia tangu afariki ikifika tutatia mifupa yake mtoni. Ukiweza kuja, njoo. Usipoweza, washa ubani huko huko, mto utapokea.

Nisalimie sana shemeji, na umbusu mtoto Mali. Huku wanakusalimu dada Thongyip, na Sawek anayeapa mpaka leo kwamba mashine yake haikosei. Mema yote uliyomtendea Nop yakurudie, yakulinde na barafu na upweke.

Ukipiga simu, usimuulize wifi yako habari za gari. Muulize kama amekula.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata nisipoandika,

Prayong