Beseni la Renilde

Baraka, tarehe 19 Novemba 2023

Mpendwa kaka yangu, yaya Wilfried,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Huko Lubumbashi mko wazima? Kikohozi chako kimepona, au bado unamficha wifi? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri.

Tangi ulilotuma lilifika salama kwa mashua kutoka Kalemie. Fundi Bonaventure alizungusha mifereji ya bati kwenye paa lote, hakuacha hata tone lipotee. Malewa yangu, kile kimgahawa changu, sasa inapikia maji ya mvua na wateja wanaisifu chai. Kufuli nimetia kama ulivyoagiza.

Lakini yaya, kichwa kimenivurugika.

Unamkumbuka Renilde, jirani yetu aliyekimbia kutoka Burundi? Paa lake ni la majani, maji yake hutoka meusi. Tangu aje, mvua ikianza alikuwa anakinga beseni chini ya bati letu bila kuomba, kama tunavyofanya sote hapa. Fundi alipokuwa anapiga misumari, sikumfikiria hata kidogo.

Mvua ya kwanza akaja na beseni. Akasimama analowa, anatazama juu. Akaniuliza, "Mama Merveille, mvua yenu inaendaka wapi siku hizi?" Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Sasa anachota ziwani, na mtoto wake Divine anaharisha. Ni yale maji? Sijui. Nilimpelekea ndoo, akaipokea kwa mikono miwili na kunishukuru kama mgeni. Imeniuma sana. Zamani hakunishukuru, tulikuwa tunacheka tu.

Je, nimemnyang'anya? Paa ni langu, tangi ni lako, lakini mvua ni ya nani? Mume wangu Élie anasema nisijisumbue. Mama anasema nitoe kufuli. Hata nikilitoa, Renilde hawezi kufungua tangi la watu. Kukinga si kuomba, na mimi nimemfanya aombe.

Jana nimemwita Bonaventure akaondoa mfereji wa upande wake. Usinikasirikie. Leo mvua imenyesha, maji yakamwagika palepale pa zamani. Nikasimama mlangoni, Renilde hakuja. Nimeweka beseni langu, limejaa, na sijui nilibebe nimpelekee au niliache.

Nisalimie wifi Godelieve na watoto. Mungu awafunike wote.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Georgette

Yaya, kabla sijafunga barua nimechungulia nje. Beseni langu limesogezwa pembeni. La Renilde liko mahali pake, na hakupiga hodi.